Mlango Ulio Wazi Ganako

Ulimwona. Usigeuze shingo kana kwamba nasema na jirani yako. Ulipita Ganako kwenye ile barabara ya vumbi jekundu, ukamwona mzee wa Kimasai ameketi peke yake kwenye baraza la nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, hana ng'ombe wake, hana fimbo, hana wa kuzungumza naye, ukajisemea moyoni, "Mlinzi huyo." Ukapita. Kesho yake ukapita tena. Umezoea hivyo: Mmasai akiketi mlangoni pa tajiri, lazima awe analinda mali ya tajiri. Haikukupitia akilini kwamba yeye ndiye mali iliyolindwa.

Mimi sisahau. Nimesimuliwa habari za waliotolewa Serengeti wakaambiwa huku nyanda za juu ndiko mwisho wa kuhama. Nimesimuliwa za waliopandishwa kutoka ndani ya bonde la kreta, mizigo juu ya punda na watoto nyuma. Na katika kila simulizi walikuwapo watu kama wewe kando ya njia, wakitazama viatu vyao. Safari hii hutatazama viatu. Kaa hapo, utazame.

Asubuhi ile Mkaguzi Nanyokie, mpelelezi, alirudi Karatu kutoka Mang'ola na vumbi la Ziwa Eyasi kwenye nyusi. Alikuwa ameelekezwa huko na dereva mmoja wa kampuni ya utalii, kwamba Mzee Ngoitiko aliyepotea ameonekana kwa mganga karibu na ziwa. Kule hakukuwa na mganga wala mzee. Kulikuwa na wakulima wa vitunguu waliomtazama kama mtu aliyekuja kuuliza bei ya theluji.

"Tumepoteza mafuta bure, afande," alisema Sajenti Edna, aliyekuwa akimsubiri kituoni.

"Si bure. Mtu akikutuma mbali hivyo, ujue unachokitafuta kiko karibu naye. Huyo dereva ameitwa?"

"Richard? Yuko njiani. Na wale wa Nainokanoka wameshafika."

Wa Nainokanoka walikuwa wawili, wameketi kwenye benchi: Namunyak, mke wa mzee aliyepotea, na Simel, rafiki yake wa tangu ujana. Kati yao walikuwa wameweka begi jipya la magurudumu, wamelitenga kidogo kama mgeni asiyeaminika.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Lucas, mwenye kampuni ya utalii hapa Karatu, alikuwa anaitaka chemchemi iliyo juu ya Nainokanoka ajenge kambi ya wageni na kuizungushia uzio. Ngoitiko alikuwa laigwanani, kiongozi wa rika lake, na bila neno lake hakuna mkutano ambao ungeigawa chemchemi ile. Basi Lucas akawachukua yeye na mwenzake, Mzee Meitamei, akawapeleka matembezi mafupi kisiwani Saiprasi, mji wa Nikosia na pwani ya Larnaka, wakajionee faida ya watalii. Meitamei alirudi. Begi la Ngoitiko likarudi. Ngoitiko hakufika nyumbani, ila ujumbe tu kwa mdomo wa dereva. Na mkutano wa chemchemi ulikuwa mchana wa siku hiyohiyo.

Edna alifungua jalada. "Tuandike maelezo upya. Jina la aliyepotea."

"Pakiteng," alisema Simel.

"Pakiteng nani?"

"Pakiteng tu."

Edna, mtu wa Kondoa, aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, jana tumeandika Ngoitiko. Leo Pakiteng. Tunatafuta watu wangapi?"

Namunyak alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Jana nilisema mimi. Huyu hawezi."

"Hawezi nini? Kutamka?"

Nanyokie aliegemea mlango. Alizaliwa kulekule nyanda za juu. Jambo hili alilinyonya na maziwa ya mama yake. "Walipokuwa vijana, Mzee Ngoitiko alimpa huyu ng'ombe. Siku ile majina yao yakaisha kati yao. Huyu akimwita, ni Pakiteng. Yule akimwita huyu, ni Pakiteng vilevile. Wanaitana kwa ng'ombe yule mpaka kaburini."

"Na mmoja akisahau?"

"Wewe ulishawahi kusahau ukamwita mama yako kwa jina lake?"

Edna aliinua kalamu, akaandika bila kuuliza tena.

"Mwanangu," Namunyak alimwambia Nanyokie, "maji yale yakipata uzio, sisi tunahama. Hakuna mengine. Ng'ombe watakunywa wapi? Watatuambia tushuke kreta, na kreta tunafukuzwa. Nitafutie mume wangu, aje aseme mwenyewe kwa mdomo wake, hata kama anasema ndiyo." Akalisukuma begi kwa mguu. "Na hili, nusa."

Nanyokie aliinama. Begi jipya kabisa, bado lina karatasi ya uwanja wa ndege kwenye mpini, lilitoa harufu kali ya dawa ya josho, ile wanayoogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Alilifungua. Ndani kulikuwa na blanketi, sabuni ya hoteli, na kopo la zeituni. Nguo hazikuwamo. Vyote vilinuka dawa.

"Ulaya wanaogesha mabegi?" aliuliza Simel.

"Hapana," alisema Nanyokie. "Pandeni sasa hivi Nainokanoka, mkutano usiwapite. Simu yako iwe wazi, mzee wangu. Usiseme kitu mpaka nikupigie."

Walipotoka, Richard aliingia. Alikuwa Mwiraki wa Buger, mtu wa makamo, fulana ya kampuni imepigwa pasi, miwani ya jua juu ya kichwa. Amewaendesha watalii miaka mingi kiasi kwamba Kimaa chake, lugha ya Wamasai, kilikuwa safi kama cha mzaliwa wa boma, na ndiyo sababu Lucas alimpeleka Saiprasi kuwa mkalimani wa wazee.

"Mambo ya Mang'ola vipi, afande? Mmempata?"

"Tumepata vitunguu. Kaa. Hujakamatwa, unahojiwa kama shahidi. Ukidanganya, utaitwa kitu kingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nieleze matembezi."

Richard alilegea. Aliyategemea maswali ya magari na barabara, si haya. Akatoa simu, akaanza kuonyesha picha. "Nikosia ni mji mzuri, ila umekatwa katikati. Upande huu Wagiriki, upande ule Waturuki. Unatembea kwenye mtaa wa maduka, unakula aiskrimu yako, mara kibanda cha polisi katikati ya mtaa, toa pasipoti. Ukivuka, mtaa ni uleule. Katikati pale kuna nyumba hakuna anayeruhusiwa kuingia. Madirisha yamezibwa kwa mifuko ya mchanga. Miti imeotea sebuleni."

"Mzee Ngoitiko alisema nini?"

"Aliuliza maswali mengi mpaka mwenyeji wetu akachoka."

"Nipe moja."

"Aliuliza zamani mji mzima ulikuwa unachota maji wapi, na kisima kimeangukia upande gani."

"Akajibiwa nini?"

"Mwenyeji alicheka. Alidhani ni utani."

"Halafu?"

"Halafu kuna mama mmoja pale hotelini, mzee, akamwambia kwao ni ng'ambo. Akipanda ghorofani analiona paa la nyumba ya baba yake. Mzee akamuuliza uliondokaje. Akasema waliambiwa ni kwa muda mfupi tu." Richard alikuna shingo. "Basi. Baada ya hapo hakusema neno mpaka tunafika pwani."

Nanyokie alimtazama Edna. Kwa muda mfupi. Uzio wa Lucas nao, kwenye kila kikao, ulikuwa wa muda mfupi, wa majaribio. Tajiri aliwapeleka wazee wakaone hoteli. Mmoja akaona uzio.

"Kwa hiyo alipopanda ndege kurudi, alikuwa anakuja kukataa."

"Mimi sijui ya moyoni mwake, afande."

"Endelea. Pwani."

"Larnaka. Bahari ya buluu, wazungu wamelala juani kama nguo zilizoanikwa. Mzee Meitamei aliingia maji mpaka magotini, akawa anacheka peke yake. Yule mwingine bahari hata hakuiangalia. Nyuma ya ufukwe kulikuwa na babu mmoja anachunga mbuzi." Kwenye picha Ngoitiko alikuwa ameinama, amemfungua mbuzi mdomo kama anavyofanya mfugaji akikutana na mnyama asiyemjua, na yule babu wa Kigiriki anaangalia kwa heshima. "Hawakuwa na lugha, lakini walikaa pamoja mchana kutwa."

Kisha Richard akaifunika simu kwa kiganja. Aliifunika haraka mno. Picha za ukuta aliziacha zitazamwe. Ya mbuzi akaificha. Nanyokie aliliona hilo, akaliweka pembeni.

"Sasa siku ya kurudi. Umewatoa uwanja wa ndege, Meitamei amelala nyuma, anasema aliamka lango la hifadhi mwenzake hayupo. Mwenzake alishuka wapi?"

"Hapa Karatu, karibu na soko. Alitaka mwenyewe. Akaniachia ujumbe nimpelekee mkewe, nikaufikisha."

"Nautaka kwa maneno yake. Kwa Kimaa, kama ulivyotoka mdomoni mwake."

Richard alikohoa, akausema kwa Kimaa kizuri, na Nanyokie akamtafsiria Edna aandike: Mwambieni Simel mkutano uendelee. Nimekubali kuhusu maji. Simel asinisubiri.

Kalamu ya Edna ikasimama. Aliinua macho. "Afande..."

"Nimesikia. Richard, alisema 'Simel'?"

"Ndiyo."

"Hakusema jina lingine lolote? Fikiri. Labda wewe ndiye umelitia hilo jina ili mke wake aelewe."

"Hapana. Mimi ni mkalimani, afande, siongezi wala sipunguzi. Alisema Simel mara mbili, kwa masikio haya."

"Edna, andika na hilo la masikio."

Unaona mtego ulivyo? Unajua lugha ya watu, unajua salamu zao, unajua kuwauza kwa watalii na hadithi zao zote, lakini hujawahi kupewa ng'ombe nao. Nanyokie alimweleza taratibu, bila kupandisha sauti, ng'ombe yule wa ujanani na majina yaliyokwisha. Richard aliishusha miwani kutoka kichwani akaanza kuipangusa kwa fulana.

"Mahakamani hiyo haitoshi," alisema Nanyokie. "Wakili atasema mzee alijisahau. Lakini mimi si hakimu. Nimeshajua ujumbe ni wa kutungwa, na aliyeutunga alihitaji neno moja tu, nimekubali. Kwa hiyo mzee hakukubali. Tunaelewana?"

Richard aliendelea kuipangusa miwani.

"Pili. Mtu kama Ngoitiko humfungii ndani. Ukimfunga atapiga kelele, na Karatu nyumba zimebanana. Basi utamzuia vipi? Begi lake linanuka josho, nguo zake hazimo. Na wewe umenificha picha ya mbuzi. Mlimwambia ana ugonjwa wa mifugo, Richard. Mlimwambia ameutoa kwa mbuzi wa Larnaka, na akirudi nyumbani ng'ombe watakufa."

Richard alitazama dirisha, halafu jalada, halafu mikono yake. "Hajafungiwa," alisema mwishowe. "Naapa, afande. Mlango uko wazi. Anakula vizuri kuliko mimi."

"Uko wazi wapi?"

"Ganako. Nyumba ya zamani ya kahawa, shamba la bosi."

"Na bosi?"

"Ameshapanda Nainokanoka. Ameenda na rungu jeusi la mzee, lile la uongozi." Akaiweka miwani mezani. "Watu wakiliona rungu, ni kama wamemwona mwenyewe."

Nanyokie aliichukua simu ya Richard, akamkabidhi Edna. "Huyu sasa si shahidi. Msomee haki zake, umwandike. Asimpigie mtu."

Ganako si mbali. Geti la shamba lilikuwa wazi, kama alivyoahidiwa. Alfonsi, kibarua wa Singida, alikuwa akimkatia majani ng'ombe wa kisasa, mweusi na mweupe, aliyefungwa karibu kabisa na baraza.

"Shikamoo dada. Usiende kule, yule babu mgonjwa."

"Marahaba. Anaumwa nini?"

"Sisi hatujui. Tumeambiwa asitoke, watu wasimsogelee."

"Na huyu ng'ombe?"

"Malkia? Huyu wa bosi. Anampenda kuliko watoto wake, ukimsahau maji unarudi Singida kwa miguu."

Ngoitiko alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa suruali ya mtu mwingine iliyomfikia juu ya kifundo. Nanyokie alisogea, akainamisha kichwa kama mtoto anavyoinamisha kwa mkubwa wake, akingoja kiganja. Kiganja hakikuja.

"Simama hapohapo," alisema mzee. "Wewe ni wa wapi?"

"Nainokanoka. Mimi ni Nanyokie, askari. Mkeo amenituma."

"Kwenu kuna ng'ombe?"

"Wapo, baba."

"Basi simama hapo. Usikanyage nilipokanyaga."

Alimweleza kutoka mbali, sauti yake haikutetereka. Lucas alikuja na mtu mwenye koti jeupe. Wakampulizia dawa, wakachukua nguo, wakachukua na rungu likaoshwe. Wakamwambia mbuzi wa yule babu wa pwani wamekufa wote nyuma yao, ugonjwa wa miguu na midomo, na pumzi yake sasa ni sumu. "Akaniambia, mzee, mlango uko wazi, ukitaka nenda ukawaue."

Nanyokie aligeuza kichwa. Alikuwa anamtazama Malkia, aliyeacha majani akaja kunywa kwenye beseni chini ya bomba la baraza.

"Baba, unaoga wapi?"

"Hapo kwenye bomba."

"Na huyu anakunywa hapo siku zote?"

"Nimewaambia wamwondoe. Nimewaambia tangu nilipofika. Wananicheka."

"Lucas huwa anakuja?"

"Kila siku. Anampapasa ng'ombe wake, halafu ananiuliza hali akiwa kule getini."

Nanyokie alimwachia mzee amalizie mwenyewe. Kuna mambo ukimweleza mfugaji hadi mwisho unamtukana.

Ngoitiko alibaki ameketi. Kisha akainuka, akashuka ngazi za baraza, akamwendea Malkia. Alimshika pua, akamfungua mdomo, akauvuta ulimi nje na kuutazama juu na chini. Akapitisha kidole kwenye fizi. Akainama, akainua mguu wa mbele, akatenganisha kwato kwa vidole gumba, akatazama katikati. Akafanya hivyo kwa miguu yote, na ng'ombe akatulia kana kwamba amepata mwenyewe hatimaye.

"Hana kidonda," alisema.

"Hana, baba."

"Mwenye ng'ombe huyu alijua sina kitu."

"Alijua."

Mzee aliweka kiganja juu ya mgongo wa Malkia. "Angenifunga kamba ningeikata."

"Ndiyo sababu hakuleta kamba."

Hakulaani, hakupiga kelele. Alikuja mpaka alipokuwa Nanyokie, akaweka kiganja chake chenye mate ya ng'ombe juu ya kichwa cha askari, akakiacha pale muda mrefu kuliko desturi. "Takwenya," alisema, salamu wanayosalimiwa wanawake wa kwao. "Iko," akajibu Nanyokie. Kisha mzee akavua suruali ile ya kuazima kana kwamba ndiyo iliyokuwa na ugonjwa, Alfonsi akakimbia kumletea shuka la kitandani kwake, na wakapanda gari.

Kwenye lami ya kupandia lango la hifadhi, Nanyokie alimpigia Simel, akampa mzee simu. Ilishika mara ya tatu, upepo wa nyanda ukivuma ndani yake.

"Pakiteng," alisema Ngoitiko.

Upande wa pili ilikuwa sauti ya Simel. Ilikuja kwa kunong'ona. "Pakiteng. Uko hai."

"Niko njiani. Sijakubali chochote."

"Lucas amesimama mbele, ameshika rungu lako. Meitamei amesema alikuwa nawe, na kwamba ulikubali. Wanasema watu wanyooshe mikono. Nikisimama peke yangu watasema ni urafiki wetu unaongea. Wananiambia kaa chini..." Simu ikakatika. Nanyokie alipiga tena, na tena. Msituni kule juu mtandao huja na kuondoka na ukungu.

Alikanyaga mafuta. Hakuwa na wasiwasi na kesi. Kesi alikuwa nayo mkononi, Richard, begi, mzee mwenyewe. Lakini mikono ikishanyooshwa nguzo za uzio huletwa kesho, na nguzo ikishasimama hakuna jalada linaloing'oa. Gari lake halifiki kabla ya mikono. Hilo alilijua, na mzee pembeni yake alilijua.

Kwa hiyo sasa ni wewe. Uko kwenye mkutano ule. Usinidanganye kwamba hupo. Umeketi kwenye nyasi mstari wa nyuma, shuka limefunika mdomo, na mbele yako Simel amesimama peke yake wakimzomea. Mtu mmoja akisema hapana wanamwita mwendawazimu. Wakiwa wawili, lazima wajibiwe. Usimngoje afande. Usingoje mwenye sauti nzuri zaidi, au mwenye ng'ombe wengi zaidi. Lucas ana rungu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye rungu yuko wapi. Muulize. Mikono inaanza kuinuka kulia kwako. Toa shuka mdomoni. Simama.